Mikono ya Kericho na Gari Lisilo Dereva

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, Serikali ya Kiingereza ilijiona inadaiwa na maafisa wake waliorudi kutoka vitani wakiwa wamepoteza mikono na miguu, na kwa kuwa mali ya mwenzio ni nyepesi kuitolea sadaka, mwaka 1919 iliwatengea majeruhi hao ekari 25,000 katika nyanda za juu za Kericho, mahali ambapo Wakipsigis walikuwa wakichunga ng'ombe wao na kulima wimbi, ili wakae pamoja na kulima kitani. Kitani hakikuwafaa. Bei yake iliporomoka muda mfupi baada ya 1920, maafisa wakaingia katika madeni, shirika lao likavunjika, na ardhi ile, badala ya kurejea kwa wenyewe, ikafuata njia ya mnunuzi hata ikawaangukia matajiri wa chai: kampuni ya Brooke Bond, iliyoanza shughuli zake Kenya mwaka 1924, na jamaa wa James Finlay wa Glasgow, waliofuata nyuma yake kwa jina la African Highlands.

Hivyo ndivyo ardhi iliyotolewa kwa watu waliopungukiwa na mikono ilivyokuja kuwa ardhi isiyoweza kuishi hata juma moja bila mikono ya watu, na mabishano yaliyofuata huko kwa muda wa miaka mia yakawa, aghalabu, juu ya mikono hiyo: ni ya nani, yapasa ilipwe nini, na siku isipohitajiwa tena iende wapi. Ulimwengu wa leo unauliza maswali hayo hayo juu ya magari yajiendeshayo yenyewe, na wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa kuyauliza ni anasa ya nchi tajiri zenye barabara zilizonyooka na taa zisizozimika. Mimi sioni hivyo. Naona Kericho na jirani yake Bomet zimekwisha kuyajibu, au angalau zimekwisha kuyalipia.

Mchai katika nchi ile hauna msimu wa kulala. Mashamba yako kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua hunyesha karibu kila alasiri, na kichaka kilichochumwa leo huwa tayari kuchumwa tena baada ya siku chache tu. Mchumaji huingia shambani asubuhi na mapema umande ungali mzito, amejifunga aproni ya plastiki asilowe, kikapu kinaning'inia mgongoni, na mbele yake amelaza fito nyembamba juu ya vichaka apate kutambua chipukizi lililopanda kuliko usawa wa mengine. Kisha mikono miwili huenda kwa pamoja, ikivunja kwa kidole gumba na cha shahada majani mawili na kichomozi chake, ikijaa na kutupa nyuma ya bega bila jicho kufuata, kwani jicho limekwisha kutangulia kwenye kichaka cha mbele. Jani lililokomaa huliacha. Kijiti hukiacha. Hupanga foleni kwa karani wa mizani mara kadhaa kwa siku, na ujira wake ni wa kilo, si wa saa, kwa hiyo anayejua kazi hii kwa hakika ni yule ambaye vidole vyake huamua kabla ya akili kuulizwa.

Ama mikono hiyo haikuja kwa hiari tupu. Ilikuwako kodi iliyotakiwa kulipwa kwa fedha, na tangu 1920 ulikuwako utaratibu wa kipande, ambao ulimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 kubeba hati ya kazi yake, nayo ikiwekwa ndani ya kikebe cha bati kilichotundikwa shingoni. Makampuni yalitafuta wafanyakazi hadi Nyanza na Kisii, yakawajengea nyumba za safu moja zilizoitwa laini, pamoja na zahanati, shule na uwanja wa mpira. Wenyeji nao hawakusalimika na mkono wa Serikali: mwaka 1934 ilipitisha sheria ya kuwahamisha malaiboni, yaani waonaji wao, na ukoo wa Talai, ambao watu wa Kericho waliusikiliza kuliko walivyomsikiliza Bwana DC, ukafukuzwa na kupelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, wasirudi mpaka 1962. Aliyezaliwa katika laini aliweza kusoma pale, kuoa pale na kuchuma pale hata nguvu zikamwishia, lakini siku ya kustaafu alifunga virago vyake na kwenda zake, maana nyumba ilifuata kazi na kazi ilifuata nguvu.

Uhuru ulileta mambo mawili. Kwanza, mwaka 1963 vyama vya wafanyakazi wa mashambani viliungana kuwa kimoja, Kenya Plantation and Agricultural Workers Union, na mchumaji akapata mtu wa kumsemea penye meza ya mapatano. Pili, mwaka 1964 ikaundwa mamlaka ya chai, KTDA, ili wakulima wadogo wapande chai katika mashamba yao wenyewe, nao wa Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros wakajikuta, baada ya miaka si mingi, wakipeleka majani kituoni na kungoja bonasi kama wenye mali. Jambo hili la pili litatupasa kulirudia.

Mashine zilianza kuonekana katika mashamba makubwa yapata mwaka 2006. Iliyo ya kawaida hubebwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule wa mstari wa michai. Msumeno wake hukata juu ya vichaka kama mtu anyoaye, feni hupuliza majani nyuma, na mfuko mrefu huyapokea. Nyingine kubwa zaidi hutembea zenyewe juu ya magurudumu. Mashine haichagui. Hukata jani bichi na jani lililokomaa na kijiti kwa pamoja, na kwa miaka mingi wataalamu wa chai walidhani dosari hiyo ingetosha kuizuia. Lakini chai ya Kenya kwa sehemu kubwa husagwa, huchanwa na kuviringwa kiwandani hata ikawa chembechembe za kutiwa katika vifuko, na mnywaji wa kifuko hana mazoea ya kuuliza kijiti kimeingia vipi. Hoja ya makampuni ilikuwa ya hesabu: ujira umepanda kila mapatano yalipofanywa, bei katika mnada wa Mombasa haikupanda vile, na Argentina, ambayo takriban chai yake yote huvunwa kwa mashine, inauza katika masoko yale yale. Chama cha wafanyakazi kiligoma mwezi Oktoba 2010, na madai ya kuondolewa mashine yakawa miongoni mwa madai yake; mabishano yakafika mahakamani, yakarudi, yakaenda tena, na mashine zikazidi kuongezeka mwaka baada ya mwaka, kimya kimya, kama maji yapandavyo pwani huku watu wakizungumza.

Sipendi kuisifu kazi ya mkono kupita kiasi. Mwezi Februari 2023 BBC ilionyesha filamu juu ya wanawake wa mashamba makubwa ya chai ya Kericho, zaidi ya sabini waliosema kuwa wasimamizi wao waliwataka kimwili ndipo wapewe kazi au wapunguziwe kazi, na aliyeitazama filamu ile hawezi tena kusema kwa dhamiri safi kwamba nyapara wa kibinadamu ni bora kuliko chombo cha chuma kwa sababu tu ana moyo. Moyo unaweza kuwa mbovu. Mtetezi wa gari lisilo dereva husema maneno ya namna hiyo hiyo: kwamba dereva hulewa, husinzia, hukasirika, hushindana na mwenziwe njiani, na kwamba barabara za dunia huua watu wapatao 1,190,000 kila mwaka, na za Kenya peke yake zaidi ya 4,000. Ni hoja yenye uzito, na asiyeijibu hana haki ya kusema neno lolote katika jambo hili.

Miezi mitatu baada ya filamu ile, tarehe 22 Mei 2023, umati uliingia katika shamba la Ekaterra, kampuni iliyorithi mashamba ya Unilever, ambayo nayo iliyapata ilipoinunua Brooke Bond mwaka 1984, na ukatia moto mashine tisa za kuvunia majani. Polisi waliingia, mtu mmoja akauawa, na wengi wakajeruhiwa, askari na wafanyakazi wa shamba wakiwa miongoni mwao. Kampuni ilifunga kazi kwa muda, hivyo hata mikono iliyokuwa imebaki ikakosa ujira. Kabla ya hapo kamati iliyoundwa na serikali ya kaunti ilikuwa imekwisha kutoa shauri lake, na mmoja wa wajumbe wake alieleza kuwa katika kaunti ya Kericho pekee ajira 30,000 zimepotea kwa mashine ndani ya miaka kumi. Wasomi wetu walikimbilia kuwakumbuka mafundi wa Uingereza waliovunja mitambo ya kufumia kati ya 1811 na 1816, wakasema kwa kejeli kwamba historia inajirudia. Hawakuongeza kuwa Bunge la Uingereza mwaka 1812 liliweka adhabu ya kifo kwa mvunja mtambo, na kwamba wakati ule hakuna aliyetunga sheria yoyote juu ya mwenye mtambo.

Hazijatimia wiki sita tangu moto ule, na katika kaunti hiyo hiyo, Ijumaa ya 30 Juni 2023 wakati wa jioni, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho, likavamia matatu, bodaboda na wachuuzi waliokuwa wamepanga bidhaa zao kando ya lami. Watu wasiopungua 52 walikufa. Mei watu walichoma chombo kilichoondoa mkono wa binadamu. Juni chombo kilichokuwa mikononi mwa binadamu kikaua umati. Kama mtu alitafuta mahali pa kuiweka mizani hii yote miwili ikatazamana, hakuhitaji kwenda California.

Je, lori linalojiendesha lingewaponya wale wa Londiani? Kwa upande mmoja, mashine haisinzii, wala haimwogopi tajiri anayehesabu safari. Kwa upande wa pili iko habari ya Tempe, mji wa Arizona, ambako usiku wa tarehe 18 Machi 2018 gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akikokota baiskeli. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walipofungua kumbukumbu za gari waliona kwamba vyombo vyake vilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, muda wa kutosha kusimama. Ila programu ilibadili mawazo tena na tena, mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, kwa kuwa haikufundishwa kwamba mtu kwa miguu anaweza kuvuka mahali pasipo alama za kuvukia. Na sisi tuliopita Londiani, Kapsoit au Litein siku ya soko tunajua kuwa pasipo alama ndipo watu wavukapo. Mtoto hufuata mbuzi wake, mama hufuata mteja wake dirishani mwa matatu, na dereva mzoefu huwasoma kwa bega na kwa shingo kabla hawajatia mguu.

Kwa hiyo ili gari la namna hiyo litembee kwetu, ama litafundishwa watu wetu, ama watu wetu watafundishwa gari. Mashamba ya chai yanatuonyesha ni lipi lililo rahisi kwa mwenye fedha. Vichaka vya Kericho vilisawazishwa vipate kuifaa mashine. Penye mteremko mkali ambapo mashine haiwezi ndipo mchumaji wa mkono alipobakizwa. Baada ya ajali ya Londiani Serikali ilisema masoko ya kando ya barabara yahamishwe, na sisemi kwamba agizo lile lilikuwa baya, maana uhai hauna bei. Nasema tu kwamba katika kila marekebisho ya namna hii atakiwaye kusogea ni mwenye meza ya nyanya.

Swali lililo gumu kuliko la usalama ni la dhamana. Watu wa nchi hizi walikuwa na jibu lao kabla ya kuja sheria za Kiingereza. Kwa Waislamu wa pwani, aliyeua bila kukusudia humpasa dia, na mzigo wa dia hauwi juu ya mkosaji peke yake bali juu ya jamaa zake. Kwa Wakipsigis pia fidia ya damu ilikuwa ng'ombe wa ukoo kuuendea ukoo. Maana yake ni kwamba jamaa za marehemu hawakuachwa wakidai kwa mtu asiye na kitu, na ukoo, kwa kuwa ulijua utalipa, ulikuwa na sababu ya kumchunga kijana wake mkorofi kabla hajaua. Mashine nayo huwa na ukoo: aliyeitunga programu, aliyeiuza, aliyeinunua, aliyepewa leseni ya kuitoa barabarani. Lakini msiba unapotokea ukoo huu hutawanyika, na anayebaki penye mwili ni maskini mmoja aliyeajiriwa.

Ndivyo ilivyokuwa Arizona. Mwezi Machi 2019 mwendesha mashtaka alitangaza kuwa hakuona msingi wa kuishtaki Uber kwa jinai. Aliyeshtakiwa ni mwanamke mwajiriwa aliyekuwa ameketi nyuma ya usukani ili aangalie, naye kwa kweli hakuwa akiangalia. Julai 2023, mwezi mmoja baada ya Londiani, akakiri kosa na kupewa miaka mitatu ya kuwa chini ya uangalizi wa mahakama. Sheria ilimtafuta mwenye mkono, hata pale ambapo mkono ulikuwa umeambiwa kwamba kazi yake imekwisha. Waingereza wamejaribu njia nyingine: sheria yao ya magari yajiendeshayo, iliyopitishwa mwezi Mei 2024, inataka kila gari la namna hiyo liwe na kampuni maalumu inayolibebea jukumu, na aliyeketi ndani hana hatia ya uendeshaji maadamu gari ndilo linalojiendesha. Pengine hawakujua, lakini wamelitafutia gari ukoo.

Kwetu iko sheria ya usalama barabarani, na yako masharti ya Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ya mwaka 2004 yaliyotia kidhibiti mwendo ndani ya kila matatu. Kile pia kilikuwa chombo kilichowekwa kumzuia binadamu, na kila abiria anajua jinsi mafundi wa uchochoroni walivyojifunza kukilaza usingizi. Kwa hiyo mtu anayedhani kuwa udhaifu wa dereva utatoweka dereva atakapoondolewa, na aulize kwanza ni nani atakayebaki na bisibisi.

Kuhusu ghadhabu, Kericho ilitangulia. Tarehe 10 Februari 2024, katika mtaa wa Wachina wa San Francisco, umati wa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina ulivunja vioo vya gari la Waymo lisilo dereva wala abiria na kulitia moto. Magazeti ya dunia yalifanya jambo lile kuwa ajabu. Tofauti iliyopo haiwapendezi San Francisco: wale hawakuwa madereva waliopokonywa riziki, bali watu wa furaha iliyozidi mpaka, ilhali waliochoma mashine tisa walijua kwa majina nyumba ambazo hazikupika. Haki ya kuchoma mali ya mtu sikuiona katika mojawapo. Ila katika shauri la kamati ya Kericho niliona jambo ambalo sijaliona kwa wakubwa wengi: ilipendekeza kwamba sehemu 60 katika mia za uvunaji ziende kwa mashine na 40 zibaki kwa mkono, na kwamba uingizaji wa mashine uwekewe mpaka kwa sheria. Mtu anaweza kuicheka hesabu hiyo. Kwa nini 40 na si 50? Lakini angalau mtu aliketi akauliza kiasi. Katika California mabunge yote mawili yalipitisha mwaka 2023 mswada wa kutaka lori kubwa lijiendeshalo liwe na mtu ndani, na Septemba ya mwaka ule ule Gavana Gavin Newsom akaukataa. Hapo hakukuwa tena na kiasi cha kujadili.

Tena kuna Bomet, kwa wale wakulima wadogo niliosema nitawarudia, ambako mambo hayakugawanyika vizuri kati ya dhalimu na mdhulumiwa. Katika Konoin na pande za Kimulot yuko mama mwenye ekari moja na nusu ya chai, watoto wamekwenda mjini, vijana wa jirani wanapenda bodaboda kuliko kikapu, na mchumaji anayepatikana anataka malipo ya kilo ambayo, akisha kulipwa, hayamwachii mwenye shamba ila fedha ya mbolea. Majani yakikaa siku mbili zaidi yanakomaa. Mama huyu humwita kijana mwenye mashine ya mkono, akakatiwa shamba zima kabla ya saa sita, na kiwanda kikilalamika juu ya vijiti yeye ndiye atakayeambiwa na karani mbele ya watu. Yeye ni tajiri anayeondoa mkono wa mwenziwe na ni maskini anayeokoa wake, yote mawili kwa asubuhi moja. Lakini kijana akimharibia vichaka, au msumeno ukimkata kidole, baba yake anajulikana, nyumba yao inaonekana kutoka hapo, na jioni ile ile wazee wataketi. Oktoba bonasi itatoka, naye atatoa hesabu ya kijana, ya mbolea na ya karo, ndipo aone kama kilichobaki kinazidi kile cha mwaka aliowalipa wachumaji.